Zamu Yako, Mabli

Muuguzi alipokuja kukupima, Mabli,
alipima kichwa, urefu, uzito,
kisha akanigeukia
kana kwamba nami nimo kwenye mizani:
"Na wewe, Gethin, unamsemesha?"

Nikatazama dirishani. Mvua ilinyesha
kama inavyonyesha hapa Blaenau siku zile
ambazo watu wa kwingine huziita kiangazi.
Nikasema, ana miezi minne. Nimwambie nini?

"Chochote. Mwambie unachofanya.
Kisha nyamaza, mtazame, mpe zamu."

Kunyamaza nakuweza. Ni urithi.
Baba yangu aliongea na mbwa kuliko na sisi:
aros, kaa hapo; gorwedd, lala chini;
tyrd, njoo. Maneno matatu yakawatosha
kondoo mia mbili na watoto watano.
Mapenzi yake tuliyasoma mgongoni mwake
alipokuwa akitukatia mkate.

Basi jioni ile, mama yako Nerys yuko zamu ya usiku
hospitalini Bangor, nikakuketisha mezani
ndani ya kiti chako cha kubebea,
nikaanza, sauti ikikwaruza kama lango la zizi:
"Hii ni sufuria. Sasa... naiosha.
Hiki ni kijiko. Kimepinda.
Alikipinda mjomba wako Ifor akifungulia kopo la rangi."
Nikanyamaza.
Ukanitazama kama hakimu.
Ukapuliza povu la mate: "Bbbu."
"Kweli kabisa," nikakujibu. "Ifor ndivyo alivyo."

Tukaendelea hivyo.
Nilikusomea pakiti ya sabuni ya unga.
Nilikusomea onyo lote la sumu ya panya
kwa sauti ya upole, ukacheka mpaka kwikwi.
Kitabu cha kwanza alitupa Heulwen wa maktaba,
cha kitambaa: bata, ng'ombe, mwezi.
Mwezi uliumaliza wiki ya pili.
Bata alibaki nusu.
Nilikirudisha nikiwa nimeinamisha uso;
Heulwen akasema, "Kusoma huanza kwa ufizi."

Kuna siku sikuwa na neno.
Sleti ilikuwa imemwangukia Emrys machimboni, mguu wa kulia,
nikarudi na vumbi kooni, nikakaa nawe sakafuni,
nikaonyesha tu kwa kidole:
taa.
Dirisha.
Mkono wa baba.
Ulikidaka kidole ukasema mengi, mengi mno.
Sikuelewa hata moja. Nimeyatunza yote.

Sasa una miezi kumi na minne.
Nerys anasema nina domo kama chiriku,
kwamba jirani kanisikia nikibishana na birika.
Ngazi tunazihesabu, kupanda na kushuka.
Soksi ya kushoto ina jina, ya kulia haina;
uamuzi huo ulikuwa wako.

Na leo alfajiri, saa kumi na moja na nusu,
nilikuwa nafunga buti gizani nisikuamshe,
Mot akiuzungukia mlango, mkia ukigonga ukuta.
"Aros, Mot," nikanong'ona.

Kumbe ulikuwa umeshasimama kitandani,
umeshika fito kwa mkono mmoja,
nywele wima kama manyasi ya mlimani,
ukainua kiganja:

"Alos."

Si kwa mbwa. Macho yako yalikuwa kwangu.

Si mama, si baba, wala si yule bata
niliyekuonyesha mara elfu.
Neno la zizini, neno la babu yako,
na sidhani kama kuna mtu
aliyewahi kumwambia yeye.

Nikanyamaza, nikakutazama.
Zamu ilikuwa yangu.

Kule barabarani lori la machimboni likapiga honi,
mara moja,
mara mbili.
Buti la kushoto lilikuwa limeshafungwa.
La kulia
sikuligusa.